Ndama wa Babu katika Rejista ya Kajiado

Posa ya binti yangu wa mwisho niliiharibu mimi mwenyewe, kwa sentensi moja, sebuleni kwangu Kitengela, mbele ya wazee saba ambao hawakuwa wamemaliza hata kikombe cha kwanza cha chai. Nalisema hili mapema kwa sababu nimelisikia likisimuliwa kwa njia nyingi tangu siku ile, na katika baadhi ya masimulizi hayo lawama amebebeshwa marehemu babu yangu. Si haki. Babu alikuwa amezikwa miaka mingi. Aliyesema ni mimi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Wageni walitoka Bisil, Wamaasai, watu wa mifugo na wa kanisa, na kijana wao alikuwa daktari wa wanyama. Binti yangu alikuwa muuguzi mjini Kajiado. Sisi ni Wakamba. Nilipostaafu ualimu tulihamia Kitengela, wakati huo pundamilia wakiwa bado wanakuja kujikuna kwenye nguzo za ua wetu, na udongo mweusi wa masika ukimvua mtu kiatu bila kumwomba ruhusa. Kijana nilikuwa nimempima kwa maswali yangu, na hakuwa amejibu swali hata moja kwa kubahatisha. Niliridhika naye. Kilichobaki kilikuwa wazee wakutane, wanywe chai, na waseme maneno ya heshima.

Nikasimama kusema yangu.

"Hamkuja ugenini," nikawaambia. "Babu yangu aliingia katika nchi hii na punda wake akiuza vibuyu na ugoro, akapokewa na wazee wenu. Alichinjiwa kondoo, akafanywa mwana wa ukoo." Na ukoo wenyewe nikautaja kwa jina, ukoo uleule ambao kijana aliniambia kuwa ndio wao.

Nilitarajia angalau tabasamu. Baba wa kijana, mtu mrefu mwenye sauti ya upole, aliweka kikombe chake mezani, akakisukuma mbele kidogo kama mtu asiyekihitaji tena.

"Mwalimu," akasema, "rudia hapo kwa ukoo."

Nikarudia, kwa ufasaha zaidi.

"Na wewe uko na hakika?"

"Hakika kabisa."

Aliwageukia wenzake wakasemezana kwa Kimaa, kwa muda ulionitosha kuanza kuhisi kwamba hotuba yangu haikuwa imependeza. Kisha akanirudia.

"Sasa hii maneno iko na shida. Kama babu yako alikuwa mtoto wa ukoo wetu, wewe ni ndugu yangu. Kama wewe ni ndugu yangu, huyu msichana ni dada ya kijana yangu. Mtu haoi dada yake, Mwalimu. Hata pasta atakataa."

"Lakini huko ni kupokewa tu," akasema mke wangu kutoka mlangoni. "Si damu."

"Mama," akajibu mzee mwingine kwa adabu kubwa, "sisi hatuna mtoto nusu. Akishapokewa, huyo ni mtoto kamili."

Walimaliza chai, kwa kuwa kuiacha kungekuwa tusi. Waliomba dua fupi. Waliondoka na pikapu yao wakiwa wametushika mikono mmoja mmoja, na hakuna aliyetaja siku ya kurudi. Binti yangu alikuwa jikoni na sinia la chapati ambazo hazikuwa zimefika mezani. Alitoka, akalishika sinia lile kwa mikono miwili, akaniuliza swali moja.

"Baba, nani alikuambia?"

Hilo lilikuwa swali langu. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilifundisha historia, na katika darasa langu mwanafunzi hakuthubutu kusema "inasemekana" bila kusimamishwa. Nani alisema? Alikuwapo? Iliandikwa wapi? Nilipotafuta kiwanja Kitengela, majirani zangu wa baadaye walikuwa wakiridhika na kidole cha dalali kilichoelekezwa kwenye mgunga ulio mbali. Mimi nilikwenda kwanza kusoma rejista ya ardhi, nikagundua kwamba mgunga ule ulikuwa wa mtu mwingine kabisa. Mke wangu huwaambia watu kwamba hata yeye nilimwoa baada ya kukagua cheti chake cha ubatizo. Si kweli. Cheti nilikiona baadaye.

"Shangazi," nikamjibu binti yangu.

"Na shangazi aliambiwa na nani?"

"Hilo nitamwuliza."

"Ungemwuliza kabla ya chai," akasema, akarudisha chapati jikoni. Kwa siku zilizofuata hakunikosea heshima hata mara moja. Alinisalimu asubuhi, alinitengea chakula kila alipokuwa nyumbani, na hakunisemesha neno la ziada. Mtu aliyezoea kelele za madarasa hujua kwamba ukimya wa namna hiyo ndio mkali zaidi.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa amebaki nyumbani kwetu kwenye vilima vya Machakos. Alikuwa mzee sana lakini kichwa chake kilikuwa safi, na alipenda kuulizwa mambo. Nilimkuta akichambua mbaazi juani. Nilitoa daftari.

"Weka hiyo kitu chini," akasema. "Ulikuja kunisalimia au kunishtaki?"

Nilimsalimia vizuri, kisha nikamwuliza: ni nani aliyemwambia kwamba baba yake alipokewa na ukoo ule wa Wamaasai?

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Si ni wewe?"

"Mimi?"

"Wewe. Ulikuja likizo kutoka chuo cha ualimu, umevaa kaptura nyeupe, unajisikia sana. Ulikaa pale, unatafuna muwa. Mimi nikakuambia baba alichinjiwa kondoo na Wamaasai wakamfanya mtoto wao. Wewe ukaniuliza ukoo gani. Nikasema sijui, baba hakutuambia. Ukasema umesoma koo zao zote kwenye kitabu, na kwa vile alikuwa akipita njia ya Kajiado, lazima alikuwa wa ule ukoo mkubwa. Ukautaja. Mimi nikashukuru, nikasema kumbe kusoma kuna faida. Tangu hapo nimewaambia watoto wote hivyo."

"Shangazi, mimi nilikuwa nakisia tu!"

"Sasa mimi ningejuaje? Ulisema kama mtu anayesoma Biblia."

Nilikuwa nimepanda mbegu ya uvumi nikiwa kijana wa miaka ishirini, nikaisahau, shangazi akaitunza kwa uaminifu wote, na nilipokuwa mzee nikaichuma na kuwakaribisha nayo wageni kana kwamba ni ushahidi. Shangazi aliniona nimenyong'onyea, akacheka mpaka mbaazi zikamwagika.

"Usikasirike," akasema. "Kuna jambo moja ambalo nilisikia kwa baba mwenyewe. Alishtakiwa Kajiado."

"Kwa kosa gani?"

"Ndama. Mtu fulani alidai ndama wake. Wakaenda mbele ya baraza la wazee lililowekwa na serikali, kuna karani anaandika. Baba aliporudi nyumbani na ndama yule alikuwa anacheka njia nzima. Ilikuwa mwaka nzige walipokula hata mapaa ya nyumba. Mimi nilikuwa msichana wa kuchota maji."

Hapo nikafungua daftari bila kuomba ruhusa. Kesi huandikwa. Katika kesi mtu huulizwa yeye ni nani, anatoka wapi, na nani anamfahamu, na hujibu mbele ya mtu anayetamani sana aseme uongo ili amkamate. Kama babu aliulizwa ukoo wake mahali popote duniani, aliulizwa pale.

Masjala ya mahakama ya Kajiado ilikuwa chini ya karani mmoja, mwanamke wa makamo, mnene, mtulivu, aliyevaa miwani yenye mnyororo. Nilimweleza haja yangu kwa kirefu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Nambari ya kesi?"

"Sina."

"Mwaka?"

"Wa nzige."

"Mwalimu," akasema, na hapo nikajua kwamba tutaelewana, "masjala haitafuti hadithi. Inatafuta nambari."

Alinielekeza niandike barua ya maombi kwa hakimu mkuu wa kituo. Niliandika. Ruhusa ilikuja, na kwa utaratibu mzuri: ningekuja Jumanne na Alhamisi, ningesoma katika meza iliyo mbele yake, na kalamu ya wino isingekaribia kitabu. Rejista za mabaraza ya wenyeji ya enzi ya ukoloni zilikuwa zimehifadhiwa katika stoo ya nyuma. Zilikuwa vitabu vikubwa vyenye jalada gumu, vimefungwa kwa ugwe, kurasa zake zikiwa na rangi ya chai iliyochujwa mara mbili. Makarani wa wakati ule waliandika Kiswahili cha kueleweka na kwa mwandiko ambao sijauona tena tangu niache kusahihisha madaftari.

"Na ukikuta usiyoyataka?" karani akaniuliza siku ya kwanza, akiniwekea kitabu mezani.

Nilikuwa nimelifikiria hilo usiku kucha. Kukisia si lazima kuwe kukosea. Huenda yule kijana wa kaptura nyeupe alikuwa amebahatisha sawasawa, na babu alikuwa mwana wa ukoo uleule. Ikiwa hivyo, kitabu kingefunga mlango ambao mdomo wangu ulikuwa umeusukuma tu, na binti yangu asingeolewa Bisil.

"Nitayapeleka vilevile yalivyo," nikamjibu.

"Unamwambia binti yako hivyo?"

"Anajua."

"Maskini msichana," akasema karani, akarudi kwenye majalada yake.

Kwa majuma mawili sikupata kitu. Nilisoma safu ya wadai, mstari kwa mstari, mwaka baada ya mwaka. Nilijifunza mengi kuhusu watu ambao hawakuwa wangu. Palikuwa na mtu aliyemshtaki jirani kwa kumwita fisi mbele ya wakwe zake. Palikuwa na mwanamke aliyedai kibuyu chake cha maziwa kutoka kwa mke mwenzake, akaleta mashahidi wanne, akashinda. Wakati wa mapumziko ya mchana nilikaa kwenye benchi la nje pamoja na watu wenye kesi, na siku moja mzee mwenye fimbo na kofia ya sufu alisogea karibu.

"Wewe umeshtakiwa nini, mzee?"

"Sijashtakiwa. Namtafuta babu yangu."

"Wamemweka seli?"

"La. Alikufa nikiwa mtoto mdogo."

Aliisimika fimbo yake katikati ya magoti. "Na bado anatafutwa? Huyo aliiba nini?"

Nilipomsimulia karani maneno hayo alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Kisha, akiwa bado anaifuta, akaniuliza jambo ambalo angeweza kuniuliza siku ya kwanza, lakini nadhani alitaka nilifikie mwenyewe.

"Umetazama safu ya washtakiwa?"

"Shangazi alisema alishtakiwa, lakini nilidhani..." Nikakatiza. Nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe katika daftari: alishtakiwa. Bado nilikuwa nimepitisha majuma mawili katika safu ya wadai, kwa sababu moyoni sikuweza kumwona babu yangu amesimama upande ule wa chumba.

"Kila mtu huja hapa akiamini mtu wake ndiye aliyedai," akasema karani. "Ingekuwa hivyo tungekuwa na kitabu cha upande mmoja."

Nilianza upya. Katika safu ya washtakiwa nilimpata kabla ya saa sita mchana, na si mara moja. Alikuwamo mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa amenywesha punda wake mahali palipotengwa kwa ng'ombe. Mara ya pili, mwaka uleule, alikuwa amewanywesha tena palepale. Mara ya tatu ilikuwa kesi ya ndama.

Karani alisimama nyuma ya kiti changu, kinyume cha utaratibu wake mwenyewe, tukasoma pamoja.

Mdai alieleza kwamba ndama jike mwekundu aliyeonekana katika zizi la mshtakiwa ni wake, alipotea mwezi mmoja uliopita. Karani wa baraza alikuwa ameandika ukoo wa mdai mbele ya jina lake, kama ilivyokuwa desturi, na ukoo huo ulikuwa uleule wa watu wa Bisil. Mshtakiwa alieleza kwamba yeye ni Mkamba mfanyabiashara wa vibuyu, ambaye alipokewa na kuchinjiwa kondoo. Na wazee wa baraza, Mungu awarehemu, wakamwuliza swali langu: alipokewa na nani?

Jina la ukoo alilotaja babu lilikuwa jingine.

Nililisoma mara tatu. Halikuwa hata jina linalofanana. Chini yake, mzee wa ukoo huo alikuja kutoa ushahidi kwamba ni yeye aliyechinja kondoo, na kwamba ndama alizaliwa katika boma lake na kutiwa alama kwa chuma chake kabla hajampa mshtakiwa. Baraza likaamuru ndama aletwe. Na hapa karani yule wa zamani, ambaye ningempa alama zote kama angekuwa mwanafunzi wangu, hakuridhika na maneno. Pembeni mwa ukurasa alichora ubavu wa ndama, na juu ya ubavu akachora alama: mstari mrefu uliopinda kama mpini wa jembe, na vistari viwili vifupi chini yake.

Hukumu ilikuwa fupi. Ndama ni wa mshtakiwa. Lakini mshtakiwa anaonywa na kuamriwa kumwomba mdai radhi, kwa sababu mbele ya baraza alimwambia kwamba hata ng'ombe wake mwenyewe wanamkimbia.

"Huyo ni babu yako kweli," akasema karani. Tulikuwa tumefahamiana majuma mawili tu.

Nilipewa nakala yenye muhuri wa mahakama. Jioni ile nikamwonyesha binti yangu ukurasa ule juu ya meza ya jikoni, bila kuongeza neno. Aliusoma akiwa amesimama, bado na sare yake ya hospitali. Alipofika kwenye hukumu alikaa.

"Alimwambia hivyo kweli? Mbele ya wazee?"

"Imeandikwa."

Akaanza kucheka, na kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya chapati, mke wangu alikuja mbio kutoka chumbani kuuliza kuna nini.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Bisil na mke wangu na binti yangu. Kijana alikuwa ametayarisha njia, na wazee wote saba walikuwapo, wamekaa kwenye viti na mabenchi upande wa kivuli wa nyumba, karibu na zizi.

"Sopa, Mwalimu," akasema baba wa kijana.

"Ipa," nikaitikia, nikaanza kusoma. Nilisoma vizuri. Nilieleza namna kesi ilivyopokelewa, rejista ilivyohifadhiwa, maana ya muhuri. Nilipofika kwenye ukoo alioutaja babu niliinua sauti. Wazee walinisikiliza kama mahubiri ya mgeni, kwa adabu, bila kutikisika.

"Karatasi ni nzuri," akasema baba wa kijana nilipomaliza. "Lakini karatasi iliandikwa na mtu. Siku ile hata wewe ulikuwa na hakika, na ulikuwa hauna karatasi. Sasa uko na karatasi na uko na hakika. Sisi tutajuaje hakika gani ndiyo yenyewe?"

Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimeulizwa swali langu na mtu aliyelielewa kuliko mimi. Binti yangu, aliyekuwa amesimama na mama wa kijana, alisogea, akainama kwa heshima mbele ya wazee, nao wakamgusa kichwa mmoja mmoja. Kisha akaichukua nakala mkononi mwangu na kuigeuza, ili pembe yenye mchoro iwaelekee.

"Papa," akamwambia baba wa kijana, kama Wamaasai wanavyomwita baba, "tazama hapa pembeni."

Mzee aliishika kwa mbali, kisha kwa karibu. Akasema neno moja kwa Kimaa. Mwenzake akampokonya. Wote saba wakainuka, vichwa vikagongana juu ya karatasi, na vidole vikawa vinafuata mstari ule uliopinda. Watatu kati yao hawakujua kusoma, na hao ndio waliosoma kwa haraka zaidi.

"Hii olmishire sio yetu," akasema mmoja, akitumia neno lao la alama ya chuma.

"Hii ni ya wale watu wa huko chini," akasema mwingine, na kuutaja ukoo ambao babu aliutaja. "Ng'ombe wa mama yangu walikuwa na hii. Nimechunga hii tangu nikiwa hivi." Akaonyesha kimo cha goti.

"Na tena," akasema wa tatu, mtu mkavu ambaye siku ya posa hakuwa amefungua mdomo, "aliyemshtaki ni mtu wetu. Mtu na ndugu yake wa ukoo hawaendi kwa karani sababu ya ndama. Wanamaliza nyumbani. Kama alishtakiwa na sisi, hakuwa wetu." Aliniangalia kwa jicho jipya. "Kumbe nyinyi ndio mlichukua ndama yetu."

"Baraza liliamua kwamba ndama alikuwa wake," nikasema.

"Baraza ya nani?"

"Lenu. Wazee wote walikuwa Wamaasai."

"Walikuwa wamelala," akasema, na wenzake wakapasuka kicheko. Nilitakiwa kusoma tena mahali pa tusi, na mzee mmoja aliwatafsiria wanawake waliokuwa mlangoni, akiongeza, nadhani, mambo ambayo hayakuwamo katika rejista. Mama wa kijana alifuta machozi kwa ncha ya leso, akamshika binti yangu mkono, na hakuuachia tena.

Nilidhani tumemaliza. Nilikunja nakala yangu. Lakini baba wa kijana aliinua kiganja.

"Bado, Mwalimu. Alama tumeona, tumekubali. Lakini yale maneno ya Kitengela bado yako nje. Mzee alisimama akasema mbele ya wazee kwamba sisi ni ndugu. Hiyo haiondolewi na karatasi. Inaondolewa na mdomo ile ile ilisema."

"Niseme nini?"

"Sema ulikosea. Na useme nani alikuambia, ndio tujue ni nani anatuharibia watoto."

Mke wangu alitazama chini. Binti yangu hakutazama chini. Alinitazama mimi moja kwa moja, akiwa na uso ambao niliujua vizuri sana, kwa sababu ndio uso niliowatazama nao wanafunzi wangu kwa zaidi ya miaka thelathini.

Nikasimama. Nikavua kofia. Nikasema kwamba maneno niliyoyatamka nyumbani kwangu hayakuwa ya kweli, kwamba nayaondoa, na kwamba familia zetu mbili hazina undugu wa damu wala wa kondoo. Kisha nikasema kwamba niliambiwa na shangazi yangu.

"Na shangazi?" akauliza mzee mkavu.

"Shangazi aliambiwa na kijana mmoja mwanafunzi wa ualimu aliyekuja likizo."

"Huyo kijana alikuwapo babu akichinjiwa?"

"Hakuwapo."

"Alimwuliza mtu?"

"Hakumwuliza mtu. Alikisia."

"Yuko wapi sasa? Aletwe hapa," akasema baba wa kijana kwa hasira ya kweli. "Mtu kama huyo anatakiwa kuonywa na wazee."

Binti yangu alikuwa ameanza kutetemeka mabega.

"Yuko hapa," nikasema. "Ndiye mnayemsikiliza."

Ilichukua muda kidogo kabla hawajaelewa. Kisha kicheko kilichotoka upande ule wa kivuli kiliwastua ndama waliokuwa zizini, na wanawake mlangoni wakapaza sauti wakitaka kujua Mwalimu amesema nini safari hii. Baba wa kijana, akijaribu kuurudisha uso wake wa heshima na kushindwa, aliniomba nirudie, ili wao nao wawe mashahidi. Nikarudia kwa sauti ya darasani, neno kwa neno, na aliyecheka kuliko wote alikuwa bibi harusi.